Tarehe ya Nyumba ya Uesugi, Mabwana wa Yonezawa

Alipofariki Uesugi Kenshin katika ngome yake ya Kasugayama, jimbo la Echigo, mwaka 1578, hakuacha mjane wala mwana wa kumzaa, na hata jina alilofia nalo hakuzaliwa nalo. Alizaliwa mwaka 1530 katika ukoo wa Nagao, uliokuwa ukiwatumikia Uesugi wa zamani kwa unaibu, na jina la Uesugi alikabidhiwa mwaka 1561 na Uesugi Norimasa, bwana aliyepokonywa nchi na maadui zake akaja kwake kutaka hifadhi, asiwe na cha kumlipa mwenyeji wake ila nasaba. Kwa hiyo nyumba hii tunayoiandikia tarehe yake, ambayo ilidumu katika safu ya mabwana wakubwa wa Japani muda wote wa utawala wa mashogun wa Tokugawa na hata miaka michache baada yao, hadi mwaka 1871, ilianza kwa jina la kupewa ikaendelea kwa mwana wa kupanga. Na mtu akiifuatilia karne baada ya karne ataona kuwa kila ilipofika ukingoni mwa kuzimika iliokolewa na mtu wa kando, aliyeletwa kutoka nyumba nyingine, akavikwa jina, na kutakiwa alichukue kama mtu achukuavyo amana.

Msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, huenda akastaajabu, kwani kwetu mwana wa kupanga hulelewa na kupendwa lakini hafungui mlango wa urithi, na nasaba haitolewi zawadi. Kwa makabaila wa Japani mambo yalikuwa kinyume. Nyumba, pamoja na jina lake, makaburi yake, silaha zake, watumishi wake na hata madeni yake, ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko mtu yeyote aliyemo ndani yake, hata yule anayeitawala. Na bwana asiyejaliwa mwana hakuhesabiwa kuwa ameonewa na majaaliwa, ila alionekana mzembe ikiwa alikufa bila ya kubainisha wa kumwachia. Katika kosa hilo la mwisho Uesugi walianguka mara mbili, na mara zote mbili walilipa kwa gharama kubwa.

Juu ya Kenshin mwenyewe wasimulizi wa Japani hawachoki. Vita vyake na Takeda Shingen, bwana wa Kai, katika uwanda wa Kawanakajima, walikokabiliana mara tano baina ya mwaka 1553 na 1564 bila ya mmoja kumvunja mwenziwe, vimekuwa mada ya michoro na michezo ya kuigiza isiyo na idadi. Na husimuliwa kuwa Shingen, ambaye nchi yake haikugusa bahari, alipofungiwa njia ya chumvi na maadui zake wengine, Kenshin alikataa kuingia katika njama ile akaiacha chumvi ya Echigo ipite, kwa kuwa aliona ni aibu kwa mpiganaji kumshinda hasimu yake jikoni badala ya uwanjani. Ikiwa kisa hiki ni kweli au ni ngano, nyumba iliyomfuata ilikiamini na kujivunia, na hilo ndilo lenye uzito katika tarehe ya nyumba.

Kosa lake lilikuwa hili: alipanga wana wawili, Kagekatsu, mwana wa dada yake, na Kagetora, aliyetoka katika ukoo wa Hojo wa Odawara, asibainishe nani ashike mahali pake. Maiti haijapoa wakashikana. Vita vya ndugu hawa wa kupanga vilikwisha mwaka 1579 kwa Kagetora kujiua, na Echigo ikatoka humo imedhoofika hata isiweze tena kuwatisha majirani zake. Kagekatsu alikuwa mtu mkimya, na ukimya wake ulikuwa maarufu. Lakini alijua wakati. Mwaka 1586 alikwenda Kyoto kujisalimisha kwa Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiikusanya Japani yote chini ya mkono mmoja, na utii ule ulimzalia matunda: aliingizwa katika baraza la wazee watano waliowekwa kumlinda mrithi mchanga wa Hideyoshi, na mwaka 1598 akahamishiwa nchi ya Aizu yenye mapato ya koku 1,200,000. Koku ni kipimo cha mchele cha kadiri ya lita 180, kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka mzima, na kwa kipimo hicho ndicho kila bwana wa Japani alichokuwa akipimwa, heshima yake, kodi yake na idadi ya askari aliopaswa kuwatoa.

Utukufu ule haukudumu miaka mitatu. Hideyoshi alifariki mwaka ule ule wa 1598, na Tokugawa Ieyasu, mkubwa wa wale wazee watano, akaanza kuwatazama wenziwe kwa jicho la mtu anayehesabu. Mwaka 1600 alimtuhumu Kagekatsu kuwa anajenga ngome na kukusanya silaha kwa nia ya uasi, akatoka na jeshi kwenda Aizu. Lakini akiwa njiani upinzani mwingine ukazuka nyuma yake upande wa magharibi, akageuka, na vita vya Sekigahara vikaamua hatima ya Japani kwa karne mbili na nusu zilizofuata. Kagekatsu hakuwako Sekigahara. Alikuwa mbali kaskazini akipigana na jirani yake wa ukoo wa Mogami. Hata hivyo alikuwa upande ulioshindwa, na mwaka 1601 ilimbidi aende kuomba radhi. Alisamehewa roho na jina. Nchi alinyang'anywa, isipokuwa bonde la Yonezawa na sehemu zilizokuwa karibu, koku 300,000, yaani robo ya alichokuwa nacho.

Hapa ndipo nyumba ya Uesugi ilipopata tabia yake. Bwana aliyepunguziwa mapato kiasi hicho, kwa desturi ya zama zile, aliwaachisha kazi watumishi wake, na samurai wasio na bwana walikuwa wametapakaa nchi nzima wakitafuta pa kujisitiri. Kagekatsu hakufanya hivyo. Alichukua watu wake waliotaka kumfuata akahamia nao Yonezawa, mji mdogo uliozungukwa na milima, ambako theluji hushuka nyingi hata ikafunika vipaa vya nyumba, na ambako hapakuwa na paa wala ukuta wa kuwatosha umma ule. Mzigo wa kuwapanga ulimwangukia waziri wake, Naoe Kanetsugu, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameipata Yonezawa hiyo kwa niaba ya bwana wake. Kanetsugu aliujenga mji upya. Akauzuia mto kwa kingo za mawe ambazo sehemu zake zipo hadi leo. Na wale samurai wa daraja za chini, waliokosa nafasi mjini, akawaweka katika nyika za kusini wafungue mashamba, wakawa nusu askari na nusu wakulima, mkono mmoja jembe na mkono mmoja upanga. Mtu huyu, aliyeyapanga maisha ya maelfu, nyumba yake mwenyewe ilizimika pamoja naye, kwani hakuacha mrithi, na posho yake ikarudi katika hazina ya bwana.

Basi Yonezawa ikawa milki ya watumishi wengi na mchele mchache. Kadiri ya nyumba 5,000 za samurai ziliishi kwa posho zilizokatwa na kukatwa tena, na ilhali hesabu ile haikuweza kuingiana hata kwa mwaka mmoja wa mavuno mema, hakuna bwana aliyethubutu kuwaambia wana wa wale waliomfuata Kagekatsu kuwa nafasi yao imekwisha. Juu ya hayo serikali ya shogun iliwatwisha mabwana wote gharama ya kuishi kwa zamu, mwaka mmoja katika milki zao na mwaka mmoja Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, ambako wake na watoto wao walikaa daima kama rehani. Utaratibu huu uliwekwa katika sheria mwaka 1635. Kasri kubwa ya Uesugi huko Edo ilikuwa Sakurada, karibu na handaki la ngome ya shogun, na misafara ya kwenda na kurudi, pamoja na zawadi, mavazi na takrima za mji mkuu, ilikuwa ikiila milki kama mchwa alavyo boriti.

Mwaka 1664 bwana kijana Tsunakatsu, mjukuu wa Kagekatsu, alifariki ghafla akiwa hana mwana na hajapanga mwana. Hii ilikuwa mara ya pili ya kosa lile lile, na safari hii sheria ilikuwa wazi: nyumba isiyo na mrithi hufutwa, na milki yake hurudi kwa shogun. Aliyeiokoa alikuwa Hoshina Masayuki, bwana wa Aizu, ndugu wa baba mmoja wa shogun Iemitsu, na baba mkwe wa marehemu, ambaye kwa jaha yake mbele ya serikali alipata ruhusa mtoto aitwe mrithi hata baada ya mauti. Mtoto aliyechaguliwa hakuwa hata ametimiza miaka miwili. Alikuwa mwana wa dada wa Tsunakatsu, kama vile Kagekatsu alivyokuwa mwana wa dada wa Kenshin, na baba yake aliitwa Kira Yoshinaka, mkuu wa adabu za kasri ya shogun. Akapewa jina la Tsunanori. Jina la Uesugi likapona. Nusu ya milki haikupona, na koku 300,000 zikawa 150,000. Samurai hawakupunguzwa.

Wasomaji waliowahi kuona katika sinema au katika vitabu kisa cha ronin 47, wale samurai wa Ako waliomlipizia kisasi bwana wao kwa kuvamia nyumba ya mzee mmoja wa Edo usiku wa theluji mwanzoni mwa mwaka 1703 na kumkata kichwa, wamekwisha kukutana na nyumba ya Uesugi bila ya kujua, maana mzee yule ndiye Kira, baba wa kuzaa wa Tsunanori, na kijana aliyejeruhiwa ndani ya nyumba ile akijaribu kumhami alikuwa mwana wa Tsunanori mwenyewe, aliyepelekwa kwa babu yake awe mrithi wa Kira. Michezo ya kuigiza imemfanya Kira kuwa shetani, na si kazi yetu kumtetea. Lakini hazina ya Yonezawa ilikuwa imemgharamia kwa miaka mingi, na baada ya kisasi kile nyumba ilibaki na aibu ya kuwa haikumlinda babu wa damu, pamoja na madeni yake.

Katikati ya karne ya 18 madeni yalikuwa yameshika shingo. Wafanyabiashara wa Edo, wa Echigo na wa bandari ya Sakata walichoka kukopesha. Wakulima walikimbia mashamba yaliyowazidi kwa kodi. Na bwana wa wakati ule, Shigesada, mpenda michezo ya No na ngoma, alimwachia mambo yote kipenzi chake mmoja aliyetoka daraja ya chini, mpaka mawaziri wa zamani wakamwua yule kipenzi mwaka 1763. Mwaka uliofuata Shigesada alifikia shauri ambalo katika tarehe ya mabwana wa Japani ni nadra kulisikia: aliwauliza jamaa zake kama haingekuwa bora kumrudishia shogun milki yote na kujitoa katika ubwana. Wakwe zake, wakuu wa Owari, walimzuia. Nyumba iliyookoka upanga wa Ieyasu ikakaribia kufa kwa daftari za wenye kudai.

Shigesada alikuwa na binti, Yukihime, aliyezaliwa na udhaifu wa mwili na akili, na kwa muda hakuwa na mwana. Kwa ajili ya binti huyu alipangwa mtoto kutoka nyumba ndogo ya Akizuki, mabwana wa Takanabe katika kisiwa cha Kyushu, upande wa pili wa nchi, ambao milki yao haikufika hata robo ya Yonezawa. Mtoto huyu, aliyezaliwa mwaka 1751, hakuwa mgeni kabisa: bibi yake mzaa mama alikuwa binti wa Tsunanori, kwa hiyo damu ya Uesugi ilimfikia kwa upande wa wanawake, kama ilivyowafikia wawili waliomtangulia. Alipanda kiti mwaka 1767, akiwa na miaka 15, kwa jina la Harunori, na baadaye alipojiuzulu akajulikana kwa jina ambalo Wajapani wote wanalijua, Yozan. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaka ule ule wa 1767 kijana huyu aliandika hati ya kiapo akaiweka kwa siri katika hekalu ya Kasuga, akiapa mbele ya mizimu ya nyumba isiyokuwa yake kuwa ataiinua nchi au adhabu imshukie. Hati hiyo haikuonekana ila baada ya miaka mingi. Kisha akaanza na tumbo lake. Matumizi ya bwana huko Edo, yaliyokuwa sarafu za dhahabu za ryo 1,500 kwa mwaka, yakashushwa hadi 209. Vijakazi wa ndani 50 wakabaki 9. Chakula kikawa mchuzi mmoja na kitoweo kimoja. Hariri ikawekwa, pamba ikavaliwa. Mwaka 1769 alipoingia Yonezawa mara ya kwanza, katika baridi ya mwaka, husimuliwa kuwa alipita katika vijiji vilivyohamwa, mashamba yamekuwa magugu, akakata tamaa kabisa. Halafu akalitazama jivu katika kisanduku cha tumbako kilichokuwa ndani ya machela yake, akaona kuna kaa moja dogo lenye moto, akalipuliza polepole mpaka makaa mengine yakashika, akawaita watumishi wake awaonyeshe. Mimi nakiona kisa hiki kizuri mno kuwa kweli tupu. Lakini hakika ni kuwa mwaka 1772 alitoka mwenyewe hadharani kwa ibada ya kulima, akatia jembe ardhini mbele ya samurai waliokuwa wakiona kushika jembe ni kuvunja heshima, na baada ya siku ile vikundi vya samurai vikaanza kutoka kufungua mashamba na kutengeneza madaraja, kazi ambayo wale wa nyika za kusini walikuwa wakiifanya tangu zama za Kanetsugu bila ya kusifiwa na mtu.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1773 wakuu saba wa nyumba za kale, wanaume wa makamo waliomwona bwana wao kuwa kijana wa kuokotwa Kyushu, walimwendea asubuhi na mashtaka ya vifungu zaidi ya 40, wakitaka wasaidizi wake wa mageuzi, na kwanza waziri Takenomata Masatsuna, waondolewe. Na aliposimama aende kushauriana, mmoja akamshika upindo wa vazi asiondoke. Aliyewatawanya alikuwa mzee Shigesada, yule yule aliyekaribia kuirudisha milki kwa shogun, aliyeingia akawakemea. Uchunguzi ulifanywa, mashtaka yakaonekana hayana msingi, wawili wakaamriwa kujiua kwa heshima ya samurai na watano wakafungiwa majumbani na kupunguziwa posho. Harunori alikuwa na miaka 21. Wasifu wengi hupenda kumchora kama mtawa mpole, na mpole alikuwa. Lakini siku ile alionyesha kuwa upole wake ulikuwa na mpaka.

Mwaka 1776 alifungua shule ya milki, Kojokan, iliyopewa jina na mwalimu wake Hosoi Heishu, mwana wa mkulima wa Owari ambaye elimu ilimpandisha akawa mwalimu wa mabwana. Mwaka 1796 mwalimu huyu, akiwa na umri wa karibu miaka 70, alifunga safari ya mwisho kuja Yonezawa, na mwanafunzi wake, aliyekuwa amekwisha kujiuzulu lakini bado ni mkubwa wa nchi, alitoka mjini akaenda kumngojea nje, katika kijiji cha Sekine, akamlaki kwa taadhima na kumpeleka mwenyewe katika hekalu ya Fumonin apumzike. Katika nchi ambamo kila hatua ya bwana ilipimwa kwa daraja, kumtokea mtoto wa mkulima nje ya mji lilikuwa jambo la kusimuliwa miaka mingi.

Kuna barua moja, ya mwaka 1777, iliyoandikwa na ajuza wa kijijini kwa binti yake, ambayo mimi naiona ina thamani kuliko hotuba zote juu ya Yozan. Bibi huyu anasimulia kuwa jioni moja mpunga wake uliokatwa ulikuwa bado shambani, mvua inakuja, na samurai wawili waliokuwa wakipita wakamsaidia kuubeba. Akawauliza apeleke wapi keki za mchele mpya za kuwashukuru, kama ilivyokuwa desturi, wakamwambia azipeleke katika lango la ngome. Alipokwenda nazo aliingizwa ndani, akaona kuwa mmoja wa wale wawili alikuwa bwana wa nchi mwenyewe. Akapewa vipande vitano vya fedha, na kwa fedha ile akawashonea wajukuu zake soksi. Hakuna katika barua hii falsafa yoyote ya utawala. Mna mvua, mpunga, hofu ya mwanamke mbele ya lango, na soksi.

Mageuzi yenyewe hayakufanikiwa yote, na heshima ya mtu haipungui kwa kulisema hilo. Mpango mkubwa wa Takenomata wa kupanda miti milioni ya utomvu wa rangi, milioni ya mforosadi na milioni ya ile ya kutengenezea karatasi, ulikwama: nta iliyokamuliwa katika mbegu za mti wa rangi ilishindwa sokoni na nta rahisi iliyotoka magharibi ya Japani, na Takenomata mwenyewe akaachishwa kazi mwaka 1782 kwa mwenendo mbaya. Kilichokaa ni ufumaji. Mafundi waliletwa kutoka Echigo kuwafundisha wake na binti za samurai, ambao umaskini ulikuwa umewafundisha tayari kutochagua kazi. Mforosadi ukalisha viwavi wa hariri, na nguo za Yonezawa zinafumwa na kuuzwa mpaka leo. Nyua za nyumba zilipandwa mti wa ukogi, wenye miiba ya kumzuia mwizi na machipukizi ya kuliwa, na samaki wa aina ya koi wakaletwa wafugwe katika madimbwi ya majumbani, kwa kuwa bahari ilikuwa mbali.

Njaa kuu ya miaka ya 1780, iliyoua malaki ya watu katika Japani ya kaskazini, iliikuta Yonezawa imejiandaa kiasi. Mwaka 1783, mavuno yalipooza kwa baridi ya kiangazi, serikali ya Yonezawa ilinunua mchele wa Sakata na Echigo ikaugawa, na bwana na raia wakala uji pamoja. Baadaye waziri Nozoki Yoshimasa aliwakusanya matabibu waandike kitabu cha mimea ya porini inayoweza kuchanganywa na nafaka wakati wa dhiki, jinsi ya kuichemsha, kuiondoa sumu na kuihifadhi. Kikachapishwa mwaka 1802 kwa jina la Katemono, nakala 1,575, zikapelekwa vijijini. Njaa iliyofuata, ya miaka ya 1830, ilizikuta nakala hizo bado majumbani.

Mwaka 1785, akiwa na miaka 33 tu, Harunori alijiuzulu. Shigesada alikuwa amepata wana wa kuzaa baada ya kumpanga yeye, na Harunori akamfanya mmoja wao, Haruhiro, kuwa mwanawe wa kupanga, ili urithi wa nyumba urudi katika damu aliyoipokea kwake, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na mwana. Siku ya kumkabidhi alimpa karatasi yenye vifungu vitatu, inayojulikana kwa jina la Denkoku no Ji, ambayo kwa maana yake inasema kuwa nchi imepokewa kwa mababu ili ipelekwe kwa wajukuu, kwa hiyo bwana hana haki ya kuifanya mali yake. Kuwa raia ni wa nchi, si milki ya bwana. Na kuwa bwana amewekwa kwa ajili ya nchi na raia, wala wao hawakuwekwa kwa ajili yake. Ni miaka minne kabla ya Ufaransa kupinduka. Wako wanaosema kuwa Yozan aliitangulia demokrasia, nami sikubaliani nao, maana hakuwahi kumwuliza raia yeyote nani amtawale. Aliyaandika haya kwa sababu alikuwa mwana wa kupanga: alijua katika mifupa yake kuwa alichokishika si chake, na kila bwana aliyeshika nyumba ile tangu Kenshin, kama angalikuwa mkweli, angaliweza kuyaandika.

Mkewe Yukihime, ambaye hakuweza kukua akili kupita utoto, alifariki mwaka 1782. Kwa miaka yote ya ndoa yao Harunori alikaa naye Edo kila zamu ilipompeleka, akimkunjia ndege wa karatasi na kumtengenezea vinyago. Husemwa kuwa Shigesada hakujua hali ya binti yake ila alipoletewa vitu vyake vya kuchezea baada ya mauti, akalia.

Yozan mwenyewe alifariki mwaka 1822, baada ya kuwashauri mabwana wawili waliomfuata, na madeni makubwa ya nyumba yakakaribia kwisha wakati huo huo.

Lililobaki la tarehe hii ni fupi lakini lina deni la zamani ndani yake. Mwaka 1868, utawala wa Tokugawa ulipoanguka na majeshi ya mfalme yakaelekea Aizu kuiadhibu, Yonezawa, pamoja na Sendai, walijaribu kwanza kuiombea Aizu msamaha, na waliposhindwa wakaingia katika muungano wa mabwana wa kaskazini wakapigana. Wengi Yonezawa hawakuwa na sababu ya kufa kwa ajili ya Tokugawa, waliowanyang'anya nchi mwaka 1601. Lakini Aizu ilikuwa nyumba ya Hoshina Masayuki, na mwaka 1664 ulikuwa bado haujasahauliwa. Walishindwa, wakakatwa koku 40,000, na waziri Irobe Nagato, aliyekwisha kuuawa vitani upande wa Niigata, akatajwa kuwa mwenye dhambi ya uasi ili aliye hai asichukuliwe. Mwaka 1871 milki zote za Japani zilifutwa, na Yonezawa ikaingia katika mkoa ambao leo unaitwa Yamagata.

Bwana wa mwisho, Mochinori, alikwenda Uingereza kusoma, na mwaka 1881 serikali mpya ikamtuma kuwa gavana wa pili wa Okinawa. Mtu wa theluji alizunguka visiwa vile vya joto kimoja baada ya kimoja, akiandika shajara, akauliza juu ya kodi, akaona wakulima wanakandamizwa na maafisa wengi kuliko kazi; akaomba Tokyo ipunguze. Tokyo haikutaka, na mwaka 1883 akaondolewa. Mwaka uliofuata alipewa daraja ya ukabaila mpya.

Kenshin amelala Yonezawa. Mwili wake ulihamishwa na nyumba kutoka Echigo hadi Aizu na kutoka Aizu hadi humu, ukawekwa ndani ya ngome karne mbili na nusu, na tangu mwaka 1876 upo katikati ya makaburi ya mabwana, chini ya mierezi mirefu, mabwana wengine wamepangwa kulia na kushoto kwake. Shule ya Kojokan haikufa. Shule ya sekondari ya mji huo inaitwa kwa jina lake. Picha za kukunja zinazoonyesha mji wa Kyoto na viunga vyake, kazi ya mchoraji Kano Eitoku, ambazo bwana wa vita Oda Nobunaga alimpelekea Kenshin zawadi mwaka 1574, zilikabidhiwa kwa mji wa Yonezawa mwaka 1989, na mwaka 1995 zikatangazwa kuwa hazina ya taifa. Nazo hati za nyumba, zaidi ya 2,000, zikapata daraja hiyo mwaka 2001, mwaka lilipofunguliwa jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina la ile karatasi ya vifungu vitatu.